Amri Imefika, Nguvu Haikutoka

Leo nataka tuzungumzie swali linaloulizwa sana na wazazi wenye mtoto anayechoka upesi kuliko wenzake: je, hakuna sindano ya homoni ya kumtia nguvu? Nitalijibu mapema, ili hata anayetaka kuzima redio sasa hivi aondoke na jibu. Kwa yale magonjwa ya kurithi yanayoizuia misuli isitengeneze nguvu, homoni mara nyingi haiongezi kitu, na pengine hudhuru. Inasaidia pale ambapo tezi inayoitoa homoni hiyo ndiyo iliyopungukiwa. Sasa nawaomba mbaki nami, kwa sababu maelezo ya jibu hilo yana faida kubwa kuliko jibu lenyewe.

Tuanze na mtoto. Waliosoma shule zetu za msingi wanaujua mchakamchaka wa asubuhi. Yupo mtoto ambaye wimbo ukianza tu, hata mzunguko mmoja wa uwanja haujaisha, ameshainama, ameshika mapaja. Miguu imekaza na inauma, moyo unamwenda mbio. Mwalimu anamfokea. Mtoto anapumzika kidogo, anajikongoja taratibu, baada ya dakika kadhaa anaanza kwenda vizuri, na safari hii anamaliza pamoja na wenzake. Mwalimu akiona hivyo anasema si unaona, alikuwa anajifanya tu. Kumbe kule kushindwa mwanzoni na kupata nguvu baadaye ni dalili mashuhuri ya ugonjwa mmoja unaoitwa ugonjwa wa McArdle. Ukimpandisha mgonjwa wa namna hiyo kwenye baiskeli ya hospitali na kumwekea kipima moyo, utaona mapigo yanapanda sana katika dakika za mwanzo, kisha kati ya dakika ya 6 na ya 10 yanashuka, ingawa anaendelea kukanyaga kwa uzito uleule. Hakuna mtoto anayeweza kuigiza jambo hilo.

Ili tuelewe kinachotokea, lazima tuingie kidogo ndani ya mwili. Mwili huweka akiba ya sukari kwa umbo linaloitwa glaikojeni. Mtu mzima aliyekula vizuri ana kama gramu 100 kwenye ini na kama gramu 400 kwenye misuli. Akiba ya ini ni ya mwili mzima: ini likiamriwa, linamwaga sukari kwenye damu, na kila kiungo kinachukua. Akiba ya msuli haigawiwi. Kila msuli unakula chake.

Amri ya kuifungua akiba hiyo huletwa na homoni. Adrenalini, inayotoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, husema na ini na misuli pia. Glukagoni, inayotoka kwenye kongosho, husema na ini peke yake, kwa kuwa misuli ya mikono na miguu haina cha kuipokelea. Lakini homoni zote mbili hazifungui akiba kwa mkono wake. Anayefungua ni kimeng'enya kiitwacho fosforilazi, kinachonyofoa sukari kutoka kwenye glaikojeni punje moja moja. Kimeng'enya hiki kilichunguzwa Marekani na mtu na mkewe, Carl na Gerty Cori, waliozaliwa Prague na kufanya kazi St. Louis. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1947, na Gerty akawa mwanamke wa kwanza kuipata katika fani ya tiba. Earl Sutherland, aliyepitia maabara yao, ndiye aliyekuja kueleza jinsi amri ya adrenalini na glukagoni inavyoingia ndani ya seli ya ini, naye akapewa Nobel mwaka 1971.

Shikeni jambo hili moja: fosforilazi ya ini na fosforilazi ya misuli ni ndugu, si kitu kimoja. Kila moja inatokana na jeni yake. Mtu anaweza kuzaliwa na ya ini ikiwa nzima kabisa, huku ya misuli haipo. Huyo hali yake ni ya tajiri mwenye ghala limejaa mahindi, akatuma mjumbe na barua yenye muhuri, mjumbe akafika mlangoni, na mwenye ufunguo hakuwahi kuajiriwa. Ukituma wajumbe kumi zaidi, mlango utabaki vilevile. Mjumbe ndiye homoni.

Aliyeligundua tatizo hili ni daktari Brian McArdle wa Guy's Hospital, London, mwaka 1951. Mgonjwa wake alikuwa mwanamume wa miaka 30 aliyesumbuka tangu utotoni: kazi ndogo tu ikimletea maumivu, udhaifu na kukakamaa kwa misuli. Watu wa namna hiyo walikuwa wakiambiwa ugonjwa uko kichwani mwao. McArdle akaamua kupima. Kipimo chenyewe kilikuwa hivi: mkono unafungwa kitambaa cha kupimia presha na kujazwa upepo mpaka damu isipite, halafu mgonjwa anaminya na kuachia kiganja, anaminya na kuachia, kisha damu inatolewa kwenye mshipa wa kiwiko. Kwa mtu mzima wa afya, msuli ukinyimwa hewa huchoma glaikojeni yake kwa haraka na kumwaga kemikali iitwayo lakteti, na kiwango chake kwenye damu hupanda mara kadhaa. Kwa mgonjwa huyu hakikupanda. Vidole vikajikunja na kukakamaa. McArdle akahitimisha kwamba misuli ya mtu huyu haiwezi kuvunja glaikojeni yake. Ilikuwa kauli ya kijasiri, maana kimeng'enya chenyewe kilikuwa bado hakijaonekana kuwa hakipo. Hilo lilithibitishwa Marekani mwaka 1959. Siku hizi kipimo kinafanywa bila kuufunga mkono, kwa sababu kule kuufunga kuliweza kuujeruhi msuli.

Sasa tufike kwenye homoni. Wazo la kutumia glukagoni halikuwa la kijinga hata kidogo. Waganga walifikiri hivi: msuli umeshindwa kula akiba yake, sawa, lakini sukari ikija kwa njia ya damu unaila vizuri tu, kwa sababu kufuli liko kwenye glaikojeni peke yake. Ini la mgonjwa ni zima. Basi tumchome glukagoni, ini limwage sukari kwenye damu, msuli upate chakula kutoka nje. Mwaka 1984 wataalamu wa Japani waliandika kwamba mgonjwa aliyepewa glukagoni alistahimili mazoezi kuliko kabla. Watu wakapata matumaini. Mwaka uliofuata, jaribio la Australia lililotumia glukagoni ya kukaa mwilini muda mrefu halikuonyesha nafuu. Baadaye wataalamu waliokusanya majaribio yote ya dawa za ugonjwa huu waliiweka glukagoni kwenye kundi la zisizosaidia, pamoja na vitamini B6, asidi amino za aina fulani na dawa nyingine kadhaa.

Kwa nini wazo zuri namna ile likashindwa? Sababu hazifichiki. Glukagoni ya kawaida haidumu kwenye damu ila dakika chache. Sukari ikipanda, kongosho linajibu kwa kutoa insulini, inayoishusha tena. Akiba ya ini ina kikomo, na ukiichota kila siku unaifuja akiba inayoulinda ubongo mtu anapokuwa na njaa. Tena glukagoni huleta kichefuchefu na kutapika. Nani atakubali kujichoma sindano inayomtapisha kila anapotaka kupanda ngazi?

Jibu lilikuwa jikoni. Mwaka 2003 John Vissing wa Denmark na Ronald Haller wa Marekani walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mgonjwa wa McArdle akinywa gramu 75 za sukari ya kawaida kabla ya mazoezi, zile dakika za mwanzo zenye mateso zinapungua sana. Baadaye wakaona hata gramu 37, zikinywewa dakika 5 kabla ya mazoezi, zinafaa. Gramu 37 ni takriban kiasi kilichomo kwenye chupa moja ya soda ya mililita 350. Kazi ileile iliyotarajiwa kwa homoni ikafanywa na sukari iliyopitia mdomoni. Sisemi mtoto anyweshwe soda kutwa nzima. Atanenepa, meno yataoza, na kisukari kitabisha hodi. Ni kabla ya shughuli nzito, na kwa mtu ambaye ugonjwa wake umepimwa na kujulikana jina.

Hilo la kujulikana jina ndilo ninalotaka kulisisitiza leo kuliko yote. Mwaka 1965, nchini Japani, daktari Seiichiro Tarui na wenzake walieleza habari za ndugu watatu wa familia moja waliokuwa na dalili zinazofanana sana na za McArdle: kuchoka, maumivu, misuli kukakamaa. Lakini kwao kimeng'enya kilichokosekana kilikuwa kingine, kilicho mbele zaidi katika safari ya sukari ndani ya seli. Misuli ya mgonjwa wa Tarui haiwezi kuitumia sukari ya akiba wala sukari ya kwenye damu. Mafuta ndiyo kuni zake. Sasa mpe mtu huyu sukari, au mchome homoni ya kupandisha sukari. Insulini itapanda, na kazi moja ya insulini ni kuyazuia mafuta yasitoke mahali yalipohifadhiwa. Umemnyang'anya chakula cha pekee alichobaki nacho. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha hivyo hasa: wagonjwa hawa wakipata sukari, uwezo wao wa kufanya mazoezi unashuka. Watoto wawili wanaweza kuketi benchi moja hospitalini na malalamiko yaleyale, na kinachomwinua mmoja kikamwangusha mwenzake.

Wako pia wale ambao misuli yao haiwezi kuchoma mafuta. Ugonjwa wao mmoja, unaojulikana kwa kifupi kama CPT II, ulielezwa mwaka 1973. Hawa hukimbia mbio fupi bila shida. Wanaumia kwenye safari ndefu, wakifunga, wakipata homa kali au wakipigwa na baridi. Kwa majirani zetu wa pwani na kwingineko wanaofunga Ramadhani, hili ni jambo la kuzungumza waziwazi na daktari na sheikh pia, maana mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Na kwa nchi zenye malaria, homa moja inaweza kumfanya mtu huyu akojoe mkojo mweusi.

Kuna kisa kimoja cha Stockholm ambacho kila anayependa homoni angepaswa kukijua. Mwanamke mmoja wa miaka 35 alifikishwa kwa Rolf Luft, bingwa wa magonjwa ya homoni. Tangu utotoni alikuwa akitoka jasho jingi mno, akila sana na kunywa maji mengi, na mwili haunenepi. Mwili ulikuwa ukichoma chakula kwa zaidi ya mara mbili ya kiwango cha kawaida hata akiwa amelala. Dalili zote hizo zinaelekeza kidole kwenye tezi ya shingo, ile inayovimba mtu anapopata goita. Homoni yake ikizidi, ndivyo mtu anavyokuwa. Basi akafanyiwa upasuaji, sehemu kubwa ya tezi ikaondolewa. Homoni ikashuka. Jasho likabaki, njaa ikabaki, kuungua kukabaki palepale. Luft na wenzake wakachukua kipande cha msuli na kukitazama, wakaona mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu vilivyomo ndani ya seli karibu zote, ni vingi kupita kiasi na vimeharibika utendaji wake: vinachoma chakula bila kuibana nguvu inayotoka, yote inapotea kama joto. Walichapisha habari hizo mwaka 1962, na ndio ugonjwa wa kwanza wa mitokondria kuelezwa kwa mwanadamu. Mama yule alipoteza tezi ambayo haikuwa na kosa lolote. Simlaumu daktari wa wakati ule, kwa kuwa kipimo cha kumwonyesha ukweli kilikuwa hakijabuniwa. Leo vipimo vipo, na kosa la namna hiyo tukilirudia litakuwa letu.

Je, homoni haina nafasi kabisa? Inayo, na ni kubwa, mahali pake. Tezi ya shingo ikilegea, misuli huuma, hukaza, huchoka, na kipimo cha damu cha kuumia kwa misuli hupanda, mpaka mtu adhaniwe ana ugonjwa wa kurithi. Huyo akipewa vidonge vya thairoksini anapona. Kwa hiyo kila mwenye misuli dhaifu isiyojulikana sababu anastahili kupimwa homoni ya tezi hiyo kabla ya kupachikwa jina zito. Na mwenye ugonjwa wa kurithi wa misuli akiwa na tezi iliyolegea pia, ni lazima itibiwe, vinginevyo anabeba mizigo miwili.

Nafasi nyingine iko kwenye magonjwa ya mitokondria. Baadhi yake hayashambulii misuli tu. Yanafika kwenye kongosho, masikio, moyo na tezi mbalimbali. Kuna hitilafu moja ya mitokondria, inayorithiwa kwa upande wa mama peke yake, inayoleta kisukari pamoja na uziwi katika familia. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuhitaji insulini, na hapo insulini ni tiba ya kweli kwa sababu kongosho limeshindwa kuitoa. Hata hivyo madaktari wengi huogopa kumpa metformini, kidonge kile maarufu cha kisukari, kwa kuwa kinaweza kuongeza lakteti kwa mtu ambaye tayari lakteti inamzidi. Ndiyo maana historia ya familia si maswali ya kupotezea muda. Mganga akikuuliza kama mama yako mzazi au mjomba wako wa upande wa mama alikuwa kiziwi na mwenye kisukari, mjibu kwa makini.

Sasa nizungumze kwa uchungu kidogo. Katika miji yetu mtu akilalamika mwili hauna nguvu, haichukui muda kabla hajaelekezwa dukani akanunue prednisoloni au deksamethasoni. Hizi ni homoni za jamii ya steroidi, dawa za maana sana kwa pumu, kwa mzio mkali, kwa magonjwa kadhaa yanayotibiwa nazo. Siku za mwanzo humpa mtu hamu ya kula na hali ya uchangamfu, uso unajaa, watu wanasema amepona. Zikitumiwa kwa muda mrefu zinaila misuli, hasa ya mapaja na mabega, zinapandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Mtu aliyezaliwa na misuli yenye shida ya nguvu anaongezewa udhaifu wa pili, na akiziacha ghafla baada ya muda mrefu anaweza kuhatarisha maisha. Vijana wanaojichoma homoni za kiume ili watanuke vifua nao wasidhani wanatibu chochote: msuli unaweza kuwa mkubwa huku kimeng'enya kikiwa hakipo vilevile.

Kuna tiba moja ambayo nasikitika haitajwi vya kutosha. Mwaka 2006 Haller, Vissing na wenzao walichapisha matokeo ya wagonjwa 8 wa McArdle waliofanyishwa mazoezi ya kadiri ya baiskeli kwa wiki 14, wakisimamiwa. Uwezo wao wa kufanya kazi uliongezeka kwa wastani wa asilimia 36. Hakuna sindano ya homoni iliyowahi kuwapa wagonjwa hawa kiasi hicho. Siri ni kuanza polepole, kusubiri ule wakati nguvu inaporudi, na kujiepusha na kunyanyua vizito ghafla. Mwaka huohuo wa 2006 ugonjwa mwingine wa glaikojeni, wa Pompe, ulipata dawa ya kwanza iliyoidhinishwa: kimeng'enya chenyewe kilichotengenezwa maabara, kinachoingizwa kwa dripu kila baada ya wiki mbili. Ni ghali mno, lakini inaonyesha njia ilivyo: aliyekosa kimeng'enya anapewa kimeng'enya.

Kabla sijaagana nanyi, neno kwa walio kazini. Muuguzi au mtabibu wa zahanati, akija mtu mwenye mkojo wa rangi ya chai ya rangi baada ya kazi nzito au mbio, usikimbilie kuandika kichocho. Kijiti cha mkojo kitasema kuna damu. Weka mkojo huo chini ya hadubini. Ukiona hakuna chembe nyekundu wala mayai ya kichocho, huenda ni protini ya misuli iliyovunjika, na figo ziko hatarini siku hiyohiyo. Mpe maji, mpeleke hospitali yenye maabara, omba kipimo cha kuumia kwa misuli kinachoitwa CK, na kipimo cha tezi ya shingo. Mwalimu, mtoto anayeshindwa mwanzo wa mchakamchaka na kuimarika baadaye mwache aanze kwa kutembea, na mwite mzazi wake badala ya kuchukua fimbo. Wazazi, ugonjwa wa McArdle huja pale baba na mama wote wawili wanapobeba jeni moja yenye kasoro bila wao kuugua. Kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kumpata mtoto mgonjwa, na uwezekano wa wawili kubeba jeni ileile huongezeka wakiwa ni ndugu wa ukoo. Hakuna aliyemroga mwenzake, na mama asinyooshewe kidole peke yake.

Na yeyote atakayewaambia kwamba mtoto anahitaji sindano ya homoni ili apate nguvu, muulizeni kwa heshima, kabla hajafungua bomba: ni kipimo gani kilichoonyesha kwamba homoni hii imepungua mwilini mwake? Akikosa jibu, mchukueni mtoto mwende hospitali.